Jaji Akipotoka, Nani wa Kumuwajibisha?



Katika mikutano yetu, jina la jaji wa huko nyumbani likitajwa vibaya kwenye habari, hazipiti dakika tano kabla mtu hajauliza: "Sasa Rais anangoja nini? Si amfukuze tu?" Nimelisikia swali hili kwa Mkenya, kwa Mtanzania na kwa Mganda, na wengi wao ni watu wanaosoma mambo makubwa, udaktari, uhandisi, uchumi. Mhariri akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye ninayesoma sheria na sina pa kujificha. Nitazungumzia Kenya zaidi. Kwanza ndiko kwetu. Pili, katika nchi zetu za Afrika Mashariki, Kenya imejaribu njia nyingi za kusafisha mahakama yake, nyingine za ovyo, nyingine za maana, na kila moja imeacha funzo.

Jibu fupi la swali lenyewe ni kwamba Rais hawezi kumfukuza jaji, na tushukuru kwamba hawezi.

Uwezo huo aliwahi kuupata. Mwaka 1988, enzi za chama kimoja, Bunge la Kenya lilibadilisha katiba na kuwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao. Hebu fikiria maana yake. Ndugu yako amekamatwa usiku, amewekwa kizuizini bila kesi, na wakili wake anakimbilia Mahakama Kuu kuomba aachiliwe. Jaji anayesikiliza ombi hilo anajua vizuri kabisa kwamba akiwaudhi wakubwa, kesho hana kazi, hana nyumba, hana gari. Unatarajia atoe uamuzi gani? Ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990 baada ya kelele nyingi, lakini woga haurudi nyuma haraka kama sheria. Kwa hiyo mtu akiniambia majaji wanalindwa mno, mimi humuuliza kwanza wanalindwa dhidi ya nani. Ulinzi ule ni wa mtu aliye kizimbani kabla haujawa wa jaji.

Lakini tusijidanganye, upande wa pili nao ni mchungu. Kenya watu walikuwa na msemo: ya nini kumlipa wakili, wakati unaweza kumnunua jaji? Ulisemwa kwa kicheko, lakini kila mtu alijua hapo hakuna mzaha. Mwenye kesi ya shamba alijua kuna karani wa "kupotezea" faili, kuna mtu wa kulipata tena, na kila mmoja wao anataka chai yake. Mlungula ulipanda ngazi hadi juu.

Serikali ya Narc ilipoingia madarakani mwishoni mwa 2002 chini ya Mwai Kibaki, jambo hili lilikuwa kwenye orodha ya mwanzo kabisa. Februari 2003 liliundwa jopo la kumchunguza Jaji Mkuu Bernard Chunga, naye akaamua kujiuzulu badala ya kukaa mbele yake. Akaja Evan Gicheru. Kisha ikaundwa kamati chini ya Jaji Aaron Ringera, na taarifa yake ikatoka mwaka huo huo. Hesabu zake zilitisha: majaji 5 kati ya 9 wa Mahakama ya Rufaa, majaji 18 kati ya 36 wa Mahakama Kuu, na mahakimu 82 kati ya 254, wote walitajwa kuhusika na ufisadi au mwenendo mbaya. Nusu ya Mahakama Kuu, jamani! Wakenya wakauita mpango huo upasuaji mkubwa. Walioguswa wakapewa wiki mbili: ama uondoke kimya kimya na mafao yako, ama usubiri jopo.

Wengi wetu tulishangilia. Lakini ukiusoma upasuaji ule leo kwa macho ya mwanasheria, unakuta kasoro kubwa. Majina yalitoka magazetini, ile "orodha ya aibu", kabla baadhi ya majaji hawajaelezwa wanashtakiwa nini wala kupewa nafasi ya kujibu. Watu ambao kazi yao ni kuhakikisha kila mshtakiwa anasikilizwa walihukumiwa bila kusikilizwa. Aliyekuwa na hatia aliondoka na kiinua mgongo chake bila kujibu swali hata moja. Asiye na hatia ambaye hakuwa na moyo wa kupambana aliondoka pamoja naye, na mpaka leo hatuwezi kuwatofautisha hao wawili. Jaji Philip Waki wa Mahakama ya Rufaa alikataa kuondoka. Akasimamishwa kazi, akaenda mbele ya jopo, akasafishwa mwaka 2004 na kurudi kazini. Je, wale wengine wangebaki na kupigana, wangapi wangerudi?

Kasoro ya pili ilikuwa kwa waliojaza nafasi zile. Hapakuwa na usaili wa hadharani, hakuna aliyemuuliza mgombea lolote mbele ya wananchi. Umetoa jino bovu, lakini hujui umeweka nini mahali pake.

Gharama yake tuliiona Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipopingwa, upande wa upinzani ulisema wazi kwamba hauendi mahakamani kwa sababu hauiamini mahakama hiyo. Mimi naliona jambo hili ndilo kiini cha habari yote. Tukizungumza maadili ya majaji tunaweza kudhani ni mambo ya makoti meusi na vitabu vizito. Lakini watu wakishakata tamaa na mahakama, hasira zao huenda barabarani. Tume iliyochunguza ghasia zile ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Mwenyekiti wa tume hiyo, kama hukumbuki, alikuwa Jaji Waki yule yule aliyekuwa kwenye orodha ya aibu miaka minne kabla.

Basi katiba mpya ilipopitishwa kwa kura ya maoni Agosti 4, 2010 na kuzinduliwa Agosti 27, ilibeba dawa mbili: moja ya mara moja tu, nyingine ya kudumu.

Ile ya mara moja ndiyo Wakenya huiita kupigwa msasa. Kila jaji na hakimu aliyekuwa kazini siku katiba ilipoanza kutumika alitakiwa kuchunguzwa upya: anafaa kuendelea, au hafai? Sheria yake ilitungwa 2011 na bodi ikaundwa chini ya wakili Sharad Rao. Ndani yake walikuwemo majaji kutoka nchi nyingine za Jumuiya ya Madola, mmoja wao Albie Sachs wa Afrika Kusini, aliyepoteza mkono kwa bomu la makaburu. Tofauti na 2003, safari hii jaji alipewa malalamiko yaliyomhusu, akaja na wakili wake akipenda, akahojiwa, na uamuzi ukaandikwa na sababu zake. Aprili 2012 matokeo ya kwanza yalitoka: majaji wanne wa Mahakama ya Rufaa walionekana hawafai, Riaga Omolo, Samuel Bosire, Emmanuel O'Kubasu na Joseph Nyamu. Bosire ndiye aliyeongoza tume ya Goldenberg, ile kashfa kubwa ya fedha ya miaka ya 1990. Kesi zikafunguliwa kupinga bodi, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba Mahakama Kuu haina mamlaka ya kuyapitia upya maamuzi yake.

Kuna jambo dogo hapa ambalo linanigusa. Bodi haikutafuta hongo tu. Iliuliza pia: una hukumu ngapi umezikalia bila kuzitoa? Jaji mmoja wa Mahakama ya Juu aliangushwa kwanza kwa sababu hiyo, kisha akapita maamuzi yalipoangaliwa upya. Mtu asiyewahi kuwa na kesi anaweza kuona hayo ni makosa ya karatasi. Familia yetu ina kesi ya kiwanja katika mahakama moja huko nyumbani, na babu aliyeifungua amekwisha zikwa. Hakuna aliyetuomba hata shilingi. Tarehe tu zinasogezwa. Kwangu mimi, jaji anayelala na hukumu kwenye kabati na jaji anayekula mlungula wanamuumiza mtu yule yule.

Dawa ya kudumu iko katika Kifungu cha 168. Hapa nitakwenda polepole, maana ndipo swali la "si amfukuze tu" linapojibiwa.

Jaji anaweza kuondolewa kwa sababu tano tu: kushindwa kufanya kazi kwa ugonjwa wa mwili au akili, kuvunja kanuni za maadili ya kazi, kufilisika, kutokuwa na uwezo wa kazi, au utovu mkubwa wa nidhamu. Mwenye kuanzisha safari hiyo ni Tume ya Huduma za Mahakama, ama yenyewe, ama kwa kupokea ombi la maandishi kutoka kwa mtu yeyote. Tume ina watu 11: Jaji Mkuu, wawakilishi wa majaji na mahakimu, Mwanasheria Mkuu, mawakili wawili, mtu kutoka Tume ya Utumishi wa Umma, na raia wawili wa kawaida. Ikiridhika kwamba kuna kitu, inampelekea Rais. Rais ndani ya siku 14 anamsimamisha jaji na kuunda jopo la watu saba kwa kufuata mapendekezo ya Tume. Jaji aliyesimamishwa hulipwa nusu mshahara. Jopo likisema aondoke, ana siku 10 za kukata rufaa Mahakama ya Juu. Rufaa ikishindwa, Rais lazima amwondoe. Jopo likisema abaki, Rais hana la kufanya. Kwa hiyo Rais yumo, lakini ni kama mpiga muhuri wa posta: barua si yake.

Je, inafanya kazi? Mtihani wa kwanza ulikuja mapema na ulimgusa mkubwa. Desemba 31, 2011 Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza aligombana na mlinzi mwanamke kwenye jengo la maduka la Village Market, Nairobi. Mlinzi alitaka kumkagua kama wateja wengine, na akalalamika kwamba alifinywa pua na kutishiwa kwa bastola. Fikiria nchi yetu ya zamani: mlinzi wa getini dhidi ya mtu wa pili kwa ukubwa katika mahakama yote. Angeshukuru Mungu kama asingefungwa yeye. Safari hii Tume ilikaa chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, bosi wa mshtakiwa mwenyewe, na jopo likaundwa. Mwenyekiti wake (wasomaji wetu wa Tanzania na Visiwani wajisikie) alikuwa marehemu Jaji Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, mwanajeshi aliyefikia cheo cha Brigedia na baadaye kasisi wa Anglikana. Agosti 2012 jopo likapendekeza aondolewe. Alikata rufaa, kisha akaiondoa na kujiuzulu Oktoba. Hapakuwa na fedha wala kesi iliyouzwa. Kosa lilikuwa namna ya kumtendea mtu mdogo siku ya mapumziko, na hiyo inatufundisha kwamba maadili ya jaji hayaishii mlangoni mwa mahakama.

Mtihani mwingine ulionyesha tundu. Januari 2016 Jaji Philip Tunoi wa Mahakama ya Juu, ambaye msasa alikwisha kuupita, alidaiwa kupokea dola milioni 2 ili kesi ya uchaguzi wa ugavana wa Nairobi iende upande fulani. Yeye alikana, na gavana alikana. Jopo liliundwa, likaanza kusikiliza. Wakati huo huo kulikuwa na kesi nyingine: je, majaji walioteuliwa chini ya katiba ya zamani wanastaafu miaka 70 au 74? Mahakama zikasema 70. Tunoi alikuwa ameshafika, hivyo akastaafu katikati ya mwaka huo, na jopo likavunjika kwa kuwa hapakuwa tena na jaji wa kuchunguza. Kama alisingiziwa, jina lake halikusafishwa. Kama ilikuwa kweli, hatukuambiwa. Mimi naona jopo lilipaswa kuruhusiwa kumaliza kazi hata jaji akishastaafu, na mpaka leo nashangaa kwa nini wabunge hawajalishughulikia.

Kwa majaji wa Mahakama Kuu wenyewe, kuna kesi mbili ambazo ningependa kila mtu azijue, kwa sababu zinaonyesha mpaka uko wapi. Jaji Martin Muya alikawia takriban miezi mitano kutoa sababu za uamuzi wake katika kesi moja ya benki. Jopo likasema aondolewe. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikakataa: kukawia kule kulikuwa kosa, lakini si utovu mkubwa wa kumvua mtu ujaji. (Nakiri kwamba babu asingekubaliana nao.) Jaji Said Juma Chitembwe naye, mwishoni mwa 2021, zilisambazwa video zilizorekodiwa kwa siri zikimwonyesha akizungumza na watu kuhusu mambo ya kesi. Jopo likapendekeza aondolewe, na Desemba 2023 Mahakama ya Juu ikaikataa rufaa yake. Ukiziweka kesi hizi pamoja unaelewa: uzembe mmoja unaweza kukaripiwa, lakini jaji kukaa sebuleni kuzungumzia kesi na wenye maslahi ndani yake, hapo kazi imekwisha.

Maadili haya hayakuzuliwa Nairobi. Yana mizizi katika Kanuni za Bangalore za 2002, ambazo zina nguzo sita: uhuru, kutopendelea, uadilifu, mwenendo unaofaa, usawa, na umahiri pamoja na bidii. Watu hudhani ni kitu cha Wazungu. Kundi lililozianzisha lilikuwa la majaji wakuu wa Asia na Afrika, wakiwemo Francis Nyalali wa Tanzania na Benjamin Odoki wa Uganda.

Kwa majirani, kwa ufupi. Tanzania Ibara ya 110A inamwachia Rais kuanzisha uchunguzi na kuunda tume, ila angalau nusu ya wajumbe wake wawe majaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola. Uganda suala linaweza kuletwa kwa Rais na Tume ya Huduma za Mahakama au na Baraza la Mawaziri. Binafsi sipendi mlango ule wa mawaziri. Serikali ndiyo mdaawa mkubwa kuliko wote mahakamani, na haifai iwe na ufunguo.

Na hawa wenyeji wetu huku ughaibuni wasitutishe. Uingereza, sheria ya 1701 ilisema jaji abaki kazini maadamu ana mwenendo mwema na aondolewe kwa ombi la Bunge. Njia hiyo imetumika mara moja tu, mwaka 1830, kumwondoa Jonah Barrington wa Ireland aliyechukua fedha za mahakama. Marekani, tangu 1789 majaji wa shirikisho 15 wameshtakiwa na Baraza la Wawakilishi, na 8 tu wakapatikana na hatia katika Seneti. Mmoja wa hao wanane, Alcee Hastings, aliondolewa 1989 na baada ya miaka michache akachaguliwa kuwa mbunge katika Bunge lile lile lililomwondoa! Mahakama yao ya juu kabisa haikuwa na kanuni zake za maadili zilizoandikwa mpaka Novemba 2023, baada ya habari za Jaji Clarence Thomas kusafirishwa kifahari na rafiki yake tajiri, na kanuni hizo hazisemi nani atazisimamia. Mlinzi wa Village Market, kama angekuwa Washington, sijui angemshtakia nani.

Kenya nayo haijamaliza. Januari 2024 Rais William Ruto aliwatuhumu majaji hadharani kwa ufisadi na kuashiria kwamba baadhi ya amri zao hazitafuatwa, na mawakili wakaandamana. Mwanzoni mwa 2025 yaliwasilishwa maombi ya kuwaondoa majaji wote saba wa Mahakama ya Juu, Jaji Mkuu Martha Koome akiwemo. Mahakama Kuu ikaisimamisha Tume isiendelee. Angalia fundo lilivyojifunga: majaji wa chini wanaamua kama wa juu wanaweza kuchunguzwa, na jopo likiwaondoa wote saba, rufaa inasikilizwa na hao hao. Walioandika Kifungu cha 168 walimfikiria jaji mmoja mmoja. Jaji Mkuu walimwekea jopo la aina yake, likiongozwa na Spika wa Bunge la Taifa, lakini kushtakiwa mahakama nzima kwa pamoja hawakukuwazia.

Namalizia na lile ambalo watu huniuliza pembeni: je, mimi niliye huku naweza kumlalamikia jaji? Ndiyo. Katiba inasema "mtu yeyote", haisemi awe anaishi wapi. Andika, eleza mambo yaliyotokea, tarehe na ushahidi ulio nao, upeleke kwa Tume. Ila ujue tofauti. Ikiwa shida yako ni kwamba jaji hakukubaliana na wewe, hiyo ni rufaa, na ina siku zake zinazohesabika, usizipoteze ukiandika malalamiko. Jaji analindwa kwa alichoamua kwa nia njema, hata kama alikosea. Na ikiwa ni faili limepotea au karani anakuzungusha, Mahakama ya Kenya ina ofisi ya kupokea malalamiko ya wananchi tangu 2011. Nakala ya kila kitu ibaki kwako, pamoja na namba ya kesi iliyoandikwa sawasawa. Sisi ya kwetu ilikuwa imekosewa tarakimu moja kwa muda mrefu bila mtu kujua.